Jibu: Slaidi zinapendeza kwenye laptop, kwenye projekta zinafifia

Habari ndugu. Umesema slaidi zako zinang'aa kwenye laptop, lakini zikirushwa ukutani grafu zinafifia na maandishi hayasomeki, na wasikilizaji ni watu wa biashara wanaoijua teknolojia vizuri.

Kagua rangi kwanza. Projekta haitoi nyeusi. Nyeusi yake ni ukuta tu usiopigwa mwanga. Taa za chumba zikiwaka, kijivu juu ya bluu iliyokolea humezwa kabisa. Weka maandishi meusi juu ya nyeupe, na popote unapotumia rangi, uwiano wa mwanga kati ya herufi na mandhari usipungue 4.5 kwa 1. Maandishi ya kawaida yawe pointi 24 kwenda juu, ya kwenye grafu yasishuke chini ya 18.

Kwa watu hawa grafu ndiyo kazi yenyewe. Ikiwa na mistari sita ya rangi sita, hakuna atakayeifuata. Mitano ipake kijivu, ule unaouzungumzia uupe rangi kali, andika jina lake palepale unapoishia, kisha futa ufunguo wa rangi wa pembeni. Kichwa kiseme matokeo: "Gharama za seva zimeshuka baada ya kuhama", siyo "Gharama za seva". Vipimo na chanzo viwepo, maana hawa wataviuliza. Jedwali kamili liweke kwenye slaidi ya akiba mwishoni.

Hukutaja programu. Kama ni PowerPoint, pachika fonti (aina ya herufi) ndani ya faili kabla ya kuhamia kompyuta nyingine, la sivyo, kama huko haipo, itawekwa fonti nyingine na mistari ya maandishi inaweza kuvunjika.