Umepewa unasihi na nidhamu kwa pamoja? Rudisha kimoja

Juzi mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya kata ameniandikia: "Shikamoo dada. Mkuu wa shule amenikabidhi ushauri na unasihi, na nidhamu pia. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Anza kwa kurudisha nidhamu.

Hilo nimelipigania mwenyewe. Shule niliyoanzia kazi, anayeadhibu ndiye aliyeshauri. Nikaandika barua kwamba fimbo sishiki. Wenzangu wakaniita Mama Huruma, na hawakuniita hivyo kwa wema. Lakini kanuni za viboko shuleni hapa Tanzania ziko wazi: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hakuna panapomlazimisha mnasihi kuchapa. Mkuu akakubali shingo upande, akanipa stoo ya vifaa vya michezo iwe ofisi.

Humo ndimo alimoingia binti wa kidato cha tatu. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa mtoro sugu, na kwa kuchelewa na kusinzia darasani alishachapwa sana. Nikamwambia kwanza: utakayosema yatabaki hapa, ila nikiona uko hatarini nitamwambia mtu wa kukulinda, na wewe utajua nimemwambia nani. Akakaa kimya, anabandua ngozi ya mpira uliochakaa, kipande baada ya kipande. Sikumuuliza kwa nini anachelewa. Nilimuuliza amekula nini tangu jana.

Hapo akaanza kuongea. Kwao ni mbali, amepanga geto karibu na shule. Unga umeisha. Na usiku kijana wa mwenye nyumba humgongea mlango, basi yeye hukaa macho mpaka alfajiri. Huyo ndiye "mtoro" wetu!

Tulimwita mzazi, tukamhusisha afisa ustawi wa jamii, suala la yule kijana likafika dawati la jinsia na watoto polisi. Binti akahamia kwa mama mmoja jirani na shule. Kisha mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye kikao akayatangaza yote paredi, asubuhi, shule nzima imesimama, eti liwe fundisho kwa wanaokaa mageto. Mpaka leo likinijia, moyo unaniuma. Binti akarudi kijijini, nami nikamfuata huko huko. Alimaliza kidato cha nne, na mwezi huu amehitimu uuguzi. Picha yake akiwa na sare nyeupe nimemwonyesha kila mtu, na naona fahari kwelikweli.

Sasa niwaambie walimu wenzangu bila kupepesa macho: mtoto hafungui moyo mbele ya mkono uliomchapa asubuhi, na hafungui tena akisikia mambo yake yanazungumzwa kwenye chai ya walimu. Faili la unasihi likae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo uwe wako. Mkiwa na kikao, wakae wanaohusika tu. Namba 116, ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, ibandikeni ukutani.

Na wakuu wa shule, hii kazi haifanyiki kwa dakika za mapumziko. Mwaka 2024 tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano, ziliongezwa mpaka 65, na mtoto bado anajaza Selform, fomu ya kuzichagua, kwa kumwangalia rafiki yake. Tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa ujauzito ameruhusiwa kurudi. Siku anarudi, nani anampokea getini? Akimkuta mwenye fimbo, atageuza. Mpeni mnasihi chumba na vipindi kwenye ratiba. Mpunguzieni mzigo wa kufundisha. Tuacheni kuhesabu utoro kabla ya kuuliza mtoto amelala wapi.

Mdogo wangu, barua iandike wiki hii, nakala ubaki nayo. Maneno yakikupa shida, niambie nikutumie niliyoandika mimi.