Kdenlive ya zamani: kubaki nayo au kuhama?

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama ubaki na Kdenlive 20.04, programu ya kuhariri video inayokwenda vizuri kwenye kompyuta yako ya Linux, au uhamie toleo jipya ilhali video ya harusi umeifikisha nusu.

Imalize kwanza harusi hiyo kwenye toleo ulilonalo. Kuanzia 20.08 muundo wa faili la mradi ulibadilishwa ili kuondoa mgongano wa mkato na nukta katika namba za desimali, mgongano uliokuwa ukisababisha programu kujifunga ghafla, na kwa sababu hiyo mradi uliohifadhiwa kwenye toleo jipya haufunguki tena kwenye la zamani. Mimi, kabla ya kugusa chochote, hunakili faili lenye mwisho wa .kdenlive kwenye folda nyingine.

Tena si lazima uchague moja. Pakua toleo jipya la AppImage, ambalo ni faili moja lisilohitaji kusakinishwa, liruhusu kuendeshwa kama programu, kisha fungua ile nakala, si mradi wenyewe. Kagua kwanza maandishi na efekti. Ikiwa kazi zako zinahitaji taimulaini (mstari wa kupangia vipande vya video) zaidi ya moja ndani ya mradi mmoja, uwezo ulioletwa na 23.04, hapo ningekushauri uhame bila kusita.