Maswali ya Wasomaji: Maiki ya utepe ya bei nafuu, namba za kwenye boksi zina ukweli?

SWALI: Ndugu wahariri, poleni na kazi. Nina studio ndogo hapa Mwanjelwa. Narekodi kwaya na wapiga ligombo (ala ya nyuzi). Nimenunua maiki ya utepe (inayonasa sauti kwa ukanda mwembamba wa metali uliokaa kwenye sumaku) ya bei ya chini. Boksi linasema 20 Hz hadi 20,000 Hz, usikivu -50 dB, ohm 200. Sauti inaingia ndogo, nikipandisha geni (kiwango cha kukuza sauti) mpaka mwisho nasikia "shiii". Nimeuziwa feki? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Usiirudishe dukani kabla hujaipima. Maiki ya utepe isiyo na saketi ya umeme ndani yake kwa kawaida huwa kati ya -50 na -60 dBV kwa paskali moja (yaani volti inayotoka kwa shinikizo fulani la sauti; namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye sauti kubwa), kwa hiyo sauti ndogo peke yake si ushahidi wa ufeki.

Namba ya kuibana ni hiyo -50, maana ndiyo unayoweza kuihakiki. Tafuta maiki ya kuimbia ya Shure SM58 ambayo una hakika ni halisi (za bandia zimejaa madukani, na ukipimia ya bandia kazi yote ni bure). Usikivu wake ni -54.5 dBV kwa paskali. Toka nje, mbali na kuta, asubuhi upepo ukiwa umetulia, kwa sababu maiki ya utepe husikia nyuma sawa na mbele na ndani ya chumba mwangwi utakuharibia hesabu. Weka spika mita moja, cheza mlio wa 1000 Hz, rekodi SM58, kisha weka ya utepe mahali palepale bila kugusa geni. Rudia mara tatu ukisogeza spika kidogo, uchukue wastani.

Kama boksi lako ni la kweli, ya utepe itazidi SM58 kwa dB 4.5. Ikipungua hapo kwa dB 2, tusigombane na mtu. Ikitoka chini ya SM58, basi -50 ni namba ya tangazo tu. Ikiwa chini ya SM58 kwa dB 6 au zaidi, shuku utepe uliolegea au transfoma dhaifu, na hapo una haki ya kudai.

Ukiwa bado hapohapo nje, igeuze maiki nyuzi 90 kwa spika. Mlio unapaswa kuzama kabisa, dB 20 au zaidi. Usipozama, utepe umekaa upande. Mbele na nyuma zikitofautiana sana, kuna kitambaa au wavu wa ziada upande mmoja.

Mstari wa 20 Hz hadi 20,000 Hz usikupotezee muda. Bila "± dB 3" au grafu, hausemi kitu: maiki inaweza "kufika" 20,000 Hz ikiwa imeshashuka dB 15, na utepe mwingi huanza kushuka mapema, karibu na 10,000 Hz.

Sasa hiyo "shiii". Kelele inayozalishwa na ohm 200 zenyewe za maiki ni takriban mikrovolti 0.26 tu, ndogo mno, kwa hiyo kinachokusumbua zaidi ni intafesi (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) inayolazimishwa kutoa geni ya dB 60 na zaidi. Ligombo ni chombo cha sauti ya chini. Sogeza maiki hadi sentimita 40, au weka kifaa cha kuongeza geni kama Cloudlifter CL-1 (hadi dB 25), kinachokula volti 48 (umeme ambao intafesi hupeleka kupitia waya wa maiki) bila kuzipitisha kwenye maiki. Angalia pia ukinzani wa ingizo la intafesi: ohm 1500 au zaidi. Ukiwa mdogo, besi ndiyo inayopungua kwanza.

Tafadhali usiipime kwa multimeta. Itakuonyesha waya wa transfoma tu, na mshtuko wa umeme wake unaweza kuutikisa utepe.

SWALI: Ni kweli volti 48 zinaunguza utepe? (Msomaji, Iringa Mjini)

JIBU: Waya wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu) ukiwa mzima, hapana, pini 2 na 3 zina volti sawa, hakuna mkondo unaopita. Hatari ni waya wenye pini iliyokatika au kugusana. Zima 48, subiri nusu dakika, ndipo uchomeke. Kwa Iringa, upepo ndio adui mkubwa zaidi: utepe una unene wa mikroni chache tu. Ifunike kabla ya kutoka nayo mlangoni, usiijaribu kwa kuipulizia, na ihifadhi ikiwa imesimama wima. Kama jirani yako ana karakana ya kukata vyuma, usiiache wazi hata kidogo. Chembe za chuma zikishikwa na sumaku pembeni ya utepe, zitakwaruza sauti.