Jibu: Lethi ndogo inakosa nguvu ikikata chuma, ninunue mota mpya?

Bro, usitoe pesa bado. Umesema hiyo lethi yako, yaani mashini ya kuchonga chuma, inazunguka poa ikiwa haina kazi lakini ukianza kukata inalegea, inatoa cheche na harufu ya kuungua, na kwa hizi mashini ndogo za DC mimi naanzanga na brashi za kaboni, vile vipande vidogo vya kupeleka stima kwa sehemu ya mota inayozunguka. Chomoa plagi, subiri dakika kadhaa juu kapasita za bodi ya spidi (ile sakiti ya kudhibiti mwendo wa mota) hubaki na chaji na zinaweza kukurusha vibaya, alafu fungua vile vifuniko viwili pembeni ya mota. Brashi zikiwa fupi ama zimemeguka badilisha zote mbili, na lile vumbi jeusi ulitoe lote maana linapitisha stima mahali haifai.

Brashi zikiwa sawa, toa belti, tenganisha waya za mota na bodi, uipe betri ya gari ya 12V. Ikizunguka polepole bila kukwama, angalia bodi kwanza. Ikikataa, ama mita ya kupima stima (multimeter) ionyeshe waya zinagusana na chuma ya mota, hiyo mota imeenda.

Ukienda kutafuta mota ingine pale soko la Kibuye, Kisumu, beba hiyo ya zamani, ilingane volti, wati, raundi kwa dakika, unene wa shafti na mashimo ya boliti. Watakuambia yoyote itatoshea, usikubali. Ukishafunga uijaribu na spidi ya chini bila kazi, na ikizunguka kinyume zima, chomoa, ubadilishane zile waya mbili za mota.