Maswali ya Wasomaji: Nepi au pampasi, hesabu iko kwenye maji

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Jambiani, mwanangu ana miezi miwili. Pakiti ya pampasi 40 hapa dukani ni Sh 16,000 na haimalizi wiki. Mama mkwe ananihimiza ninunue nepi za kitambaa, kila moja Sh 2,500. Ila kisima chetu ni cha maji ya chumvi, na maji matamu nanunua Sh 300 dumu la lita 20. Kweli nitaokoa kitu?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Utaokoa, ila si kwa sababu ya bei ya kitambaa. Tutumie bei zako mwenyewe.

Mtoto wa umri huo hubadilishwa mara 8 hivi kwa siku. Pampasi moja kwako ni Sh 400, kwa hiyo siku ni Sh 3,200 na mwezi Sh 96,000. Akikua idadi itashuka, lakini usifurahi mapema: pakiti ya saizi kubwa huwa na pampasi chache kwa bei ileile au zaidi. Gawa bei kwa idadi iliyoandikwa kila unaponunua. Ukubwa wa pakiti hudanganya macho.

Nepi 24 zinakutosha kufua siku moja na kupumzika ya pili. Hizo ni Sh 60,000. Ongeza chupi nne za nailoni za kuvalia juu, pini, na ndoo mbili zenye vifuniko. Tukadirie Sh 30,000 kwa vyote. Umeanza na Sh 90,000.

Sasa maji, na hapa ndipo nepi zinapoweza kukutia hasara. Nepi 16 za siku mbili zinataka madumu sita: mawili ya kusuuza mkojo, moja na nusu la kufulia, mawili na nusu ya kusuuza sabuni. Yale mawili ya kwanza chota kisimani bure. Kufua usifue kwa maji hayo. Maji ya mwambani yamebeba chokaa, sabuni ya kipande haitoi povu bali hugeuka utando mweupe unaong'ang'ania kitambaa. Wala usimalizie nayo, maana chumvi ikibaki kwenye nepi huvuta unyevu wa hewani; utaianika kutwa nzima na jioni bado ina ubichi. Basi unanunua madumu manne kila baada ya siku mbili, Sh 600 kwa siku. Sabuni ya unga tuiweke Sh 400. Jumla Sh 1,000 kwa siku, Sh 30,000 kwa mwezi.

Tofauti ni Sh 66,000 kwa mwezi, na ile 90,000 ya mwanzo inarudi kabla ya mwezi wa pili kwisha. Lakini ukimlipa mtu Sh 2,000 akufulie kila siku, Sh 60,000 zimekwenda na maji. Akija kila baada ya siku mbili, bado unabaki na Sh 36,000.

Kanga kuukuu nazo ni winda zuri, na za bure. Kata kila kanga vipande vinne, shona viwili viwili pamoja. Kwanza dondoshea tone la maji: likinywewa papo hapo, hiyo ni pamba, likikaa juu kama shanga, ina nailoni nyingi, ifanye tambara la kupangusia.

Usiku, sisi tungemvisha pampasi moja ukalala. Ni Sh 12,000 kwa mwezi na hazikuharibii hesabu. Na kabla ya masika ongeza nepi 12, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei hazikupi jua la kutegemea. Chagua za kitambaa kimoja cha kukunja. Zile nene zilizoshonwa tabaka tabaka hukauka nje, ndani zikabaki mbichi na kuvunda.

SWALI: Nepi za mwanangu nazifua vizuri, lakini akikojoa tu zinatoa harufu kali ya kuchoma pua, na mkojo unapita pembeni. Mama wa Wete.

JIBU: Mabaki ya sabuni au mafuta yameziba kitambaa. Maji hayapenyi, na vijidudu vilivyojificha humo hugeuza mkojo kuwa amonia. Loweka nepi safi kwenye maji ya moto bila sabuni, zisugue, mwaga, rudia mpaka maji yasitoe povu. Mara tatu au nne huwa zinatosha. Acha ile dawa ya kulainisha nguo, nayo huziba. Ukimpaka mtoto mafuta mazito, tandika kipande cha kanga juu ya nepi kiyapokee. Dawa ya madoa yenye klorini isikutane na siki wala nepi ambayo mkojo haujasuuzwa: hutoa hewa yenye sumu. Doa la njano lianike likiwa bichi kwenye jua la saa sita, litafifia lenyewe.

SWALI: Pampasi zilizotumika tunazichoma nyuma ya nyumba, haziishi. Tuzitie chooni? Baba, Chake Chake.

JIBU: Hapana, baba. Ndani mna chembechembe zinazonywa maji na kuvimba kama uji mzito. Shimo litajaa upesi, na choo cha bomba kitaziba siku hiyohiyo. Ndiyo hizohizo zinazokataa kuungua, huku plastiki ya nje ikikupa moshi mchafu. Kinyesi ndicho kiende chooni. Pampasi ikunje, ifunge kwa gundi zake za pembeni, uiweke kwenye pipa lenye kifuniko hadi gari la taka. Kama gari halifiki kwenu, chimbeni shimo lenye kina, mbali na kisima na mahali maji ya mvua yanapopita, na mfukie kila mnapotupa, kuku na mbwa wasifukue.