Kulala Kando ya Uwanja: Maswali Yenu Kuhusu Gari-Nyumba na Mbio za Udongo

Tangu nieleze hapa kwamba mimi na mzee wangu, baada ya kustaafu, tunazunguka Marekani kwa gari-nyumba tukifuata mbio za magari kwenye viwanja vya udongo, nimepata maswali mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Najibu haya ya leo, mengine yatafuata.

Shikamoo mama. Hizo mbio ni kama Safari Rally yetu? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba mwanangu. Vumbi linafanana, mengine hapana. Safari Rally, tangu ilipoanza mwaka 1953, dereva hushindana na saa. Ukisimama Naivasha gari linapita mara moja, unabaki kusubiri linalofuata. Huku uwanja una umbo la yai, mara nyingi nusu maili, yaani kama mita 800 kwa mzunguko mmoja. Magari ishirini na kitu huanza kwa pamoja, yote yakikata kushoto, na wewe jukwaani unaona kila kitu tangu bendera ya kijani mpaka mwisho.

Sisi tunapenda zaidi magari ya sprinti. Ni madogo, yana bawa kubwa juu, na uzito wake ni kama kilo 640 dereva akiwemo, lakini injini ina nguvu za farasi zipatazo 900. Hayana stata wala giaboksi, kwa hiyo pikapu huyasukuma kutoka nyuma mpaka injini iwake. Yanakunywa methanoli, na harufu yake ukishaizoea unaitambua ukiwa bado maegeshoni.

Ila cha kutazama ni udongo wenyewe. Mchana unanyweshewa maji, kisha magari yanazunguka polepole kuushindilia. Mbio za kwanza za jioni unakuta unanata, magari yanaung'ang'ania na kwenda kasi ya kutisha. Kufikia fainali katikati pamekauka, panateleza na kung'aa kama sakafu iliyopakwa nta, na udongo uliorushwa na magurudumu umejikusanya ukingoni kama tuta. Dereva achague: apite chini kwa utulivu, au apande juu aliegemee lile tuta, ukuta ukiwa hatua chache tu. Gari linaingia konani kwa ubavu, magurudumu ya mbele yakitazama kulia ilhali kona ni ya kushoto. Hapo mzee wangu huacha kuongea, nami pia.

Tunaishi Des Moines, na mume wangu anaacha kazi mwakani. Tuanzie wapi?

Mko mlangoni kabisa, dada yangu. Knoxville, hii ya Iowa na si ile ya Tennessee, iko kusini-mashariki mwenu, karibu saa moja kwa gari. Kila Agosti hufanyika hapo Knoxville Nationals, mashindano makubwa kuliko yote ya sprinti, yaliyoanza mwaka 1961. Dereva Steve Kinser ameyashinda mara 12. Kando ya uwanja kuna makumbusho ya mchezo huu, nawaomba msiyapite.

Lakini msianze na Agosti. Mji hufurika, kila kipande cha nyasi kina gari-nyumba, na mgeni hachelewi kuchanganyikiwa. Nendeni kwanza Jumamosi ya kawaida ya msimu, na gari lenu dogo, mrudi kulala nyumbani. Mkiipenda, ndipo mfikirie Eldora kule Ohio, uwanja uliojengwa mwaka 1954 katikati ya mashamba ya mahindi na Earl Baltes, mtu aliyekuwa na ukumbi wa dansi pale jirani. Mbio zao za World 100 za Septemba zimekuwapo tangu 1971. Na msimu wa baridi kuna mbio za Chili Bowl mjini Tulsa, Oklahoma: Januari, ndani ya jengo, udongo umeletwa kwa malori.

Ninalowasihi zaidi ni hili: msifukuzie viwanja. Mwaka wetu wa kwanza tulipanga viwanja vitano kwa siku tisa. Tuliviona vitatu, na tulirudi nyumbani hatusemezani vizuri. Siku hizi tunakaa mahali pamoja siku nne au tano. Mbio zenyewe ni saa chache za usiku; zilizobaki ni majirani, kahawa ya asubuhi na matembezi ya mjini. Kwa watu wa umri wetu hiyo ndiyo safari, na anayekimbia anaikosa.

Mume wangu anataka gari kubwa kama basi. Nimkatalie?

Mwombe akodishe kwanza kwa wiki moja. Majimbo mengi yanaruhusu leseni ya kawaida kwa gari lisilofika pauni 26,000, sawa na kilo 11,800 hivi, hivyo tatizo si sheria. Tatizo ni kona za miji midogo, matawi ya miti na madaraja ya chini unayopita chini yake. Sisi tuna la wastani, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, na mzee wangu alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Kimo cha gari tumekiandika kwa tarakimu kubwa tukakibandika karibu na usukani.

Maji na choo mnafanyaje?

Viwanja vingi vinakupa nyasi tu, hakuna bomba wala umeme. Unafika tangi la maji safi limejaa na yale mawili ya maji machafu yakiwa matupu, kisha unatumia kwa hesabu. Safari moja tulioga kama tuko nyumbani, na siku ya pili jioni maji yakakatika tukiwa na sabuni mwilini. Ukikulia nyumba ya ndoo na kata, rudi huko: lita tano zinatosha mtu mmoja kuoga. Jenereta izimwe watu wanapolala, hata kama hakuna aliyeandika sheria hiyo. Kwa magari ya petroli, ikibaki robo tangi jenereta kwa kawaida hujizima yenyewe ili usikwame pale, basi jaza mafuta kabla ya kuegesha.

Mvua ikinyesha?

Mbio zinaahirishwa, kwa sababu udongo uliolowa hauendeki. Soma nyuma ya tiketi uone wanasemaje kuhusu kurudi siku nyingine. Na usiegeshe bondeni. Sisi tulivutwa na trekta la mkulima mmoja aliyekataa kabisa kupokea pesa.

Sisi ni Waafrika, na tumesikia mashabiki ni Wazungu watupu. Hamwogopi?

Umeuliza vizuri na nitakujibu bila kuficha. Ndiyo, mara nyingi ni sisi wawili peke yetu. Nimewahi kuona bendera za kibaguzi ambazo sikutaka kulala karibu nazo, tukahamisha gari upande mwingine bila kugombana na mtu. Lakini hayo ni machache. Mara nyingi tunapokelewa na viti vya kukunja na maswali kuhusu tunakotoka. Mzee wangu huchoma mishkaki, na harufu ile inafanya kazi ambayo maneno yangechelewa kuifanya. Kuna mama mmoja tunayekutana naye kila Agosti. Mwaka niliofanyiwa upasuaji alinipigia simu kila Jumapili.

Masikio, macho na dawa?

Vifunika masikio ni lazima, na kwa wajukuu usikubali mjadala. Vaeni miwani, mkae safu za juu, kwa maana vibonge vya udongo huruka mpaka jukwaani. Kuhusu Medicare, bima ya afya ya wazee huku Marekani, ile ya asili ya serikali inakufuata majimbo yote. Mipango ya kampuni binafsi mara nyingi ina mtandao wake wa madaktari, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuondoka. Insulini ikae kwenye friji, na mjaribu friji hiyo usiku mzima mkiwa bado nyumbani.

Mimi sipendi magari hata kidogo. Nitakwenda kufanya nini?

Hata mimi sikuyapenda. Nilianza kwa kununua daftari, nikawa naandika nani ameanza nafasi ya ngapi na amemaliza ya ngapi, na kufikia usiku wa tatu nilikuwa na mtu wangu wa kumwombea. Kisha, mbio zikiisha, nenda kule mafundi wanakorekebishia magari. Viwanja vingi huwaruhusu mashabiki kuingia wakati huo. Utamkuta aliyeshinda uso umejaa matope, mkewe anauza fulana, mafundi wanakwangua udongo kwenye bawa kwa vipande vya mbao. Mara ya kwanza kijana mmoja alinipa kipande cha udongo uleule, bado una joto. Kiko dirishani jikoni kwetu.