Tazama Mguu Kwanza: Kwa Kocha Mpya wa Mrushaji wa Softiboli

Ukikabidhiwa binti wa miaka tisa au kumi anayetaka kuwa mrushaji wa softiboli (mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli), yaani yule anayemrushia mpigaji mpira kwa chini baada ya kuzungusha mkono, macho yako yatakimbilia mkono wake. Ndio unaozunguka, ndio ulioshika mpira, na wazazi waliokaa pembeni nao wanautazama huo huo. Naomba uuache kwanza. Tazama mguu wa mbele, halafu ujiulize: ulipokanyaga chini, mkono ulikuwa wapi? Kasoro nyingi utakazokutana nazo katika msimu wako wa kwanza zimejificha kwenye jibu la swali hilo.

Tuchukulie anatumia mkono wa kulia. Simama upande wa kituo cha tatu (kimoja cha vituo ambavyo wakimbiaji hupitia uwanjani), yaani upande wa mkono wake wa kurushia, kisha uone mzunguko wa mkono kama uso wa saa ya ukutani. Mkono unaanzia chini kwenye 6, unapanda kwa mbele kupitia 3, unafika juu ya kichwa kwenye 12, unateremka kwa nyuma kupitia 9, na mpira unaachiwa karibu na nyonga. Mguu wa kushoto unatakiwa ukanyage wakati mkono uko kati ya 12 na 9. Wakati huo nyonga zimefunguka kuelekea kituo cha tatu. Mguu wa mbele unakaza na kuuzuia mwili usizidi kwenda mbele, na msukumo ulioanzia kwenye kibao cha kurushia (kile kilichowekwa ardhini anapoanzia mrushaji) unapata njia ya kupanda: nyonga, bega, kiwiko, mwisho kifundo cha mkono. Mkono ndio wa mwisho kupokea nguvu, na ndiyo maana hauwezi kuwa wa kwanza kurekebishwa.

Mguu ukiwahi, mkono ukiwa bado kwenye 3 hivi, miguu inamaliza kazi yake mapema. Nyonga zinajifunga, na mkono unakuja nyuma unaburutwa na kutafuta pa kupita. Mara nyingi utauona ukijigonga kwenye paja. Mguu ukichelewa, mpira unatoka huku binti bado yuko hewani. Hana ardhi ya kumshikilia, kwa hiyo bega linabeba mzigo wote peke yake. Hali hizi mbili ni tofauti kabisa, lakini uwanjani zote hupewa dawa moja: "Zungusha haraka!" Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia. Mtoto anakaza bega, mduara unapinda na kupita nyuma ya kichwa, na mguu unaendelea kukanyaga pale pale ulipokuwa ukikanyaga kimakosa.

Kuna kasoro nyingine ya watoto wadogo ambayo kocha mpya haioni kirahisi. Binti ameambiwa apige hatua ndefu. Anairefusha, mguu unakaa hewani muda mrefu, na mkono ukifika juu unasita kidogo kuusubiri. Kule kusita kunaua kasi yote iliyokwisha kukusanywa. Usimwambie apunguze mwendo wa mkono. Fupisha hatua mpaka mkono upite juu bila kusimama, kisha uirefushe kidogo kidogo kadiri miguu inavyopata nguvu.

Kwa macho matupu hutayaona haya yote, hata ukiwa mzoefu. Tumia simu. Iweke upande wa mkono wa kurushia, usawa wa kiuno, na urekodi kwa mwendo wa polepole. Picha 240 kwa sekunde zinatosha sana, ilhali zile 30 za kawaida zitakupa mkono uliofifia tu. Simamisha video pale mguu wa mbele unapoanza kubeba uzito. Hapa angalia vizuri: vidole vinaweza kugusa chini kabla ya wayo kulala. Chagua picha ambayo wayo umelala, ndipo usome mkono uko kwenye namba gani. Rudia kwa mirusho kadhaa, kwa sababu mrusho mmoja unaweza kukudanganya. Mtoto naye aone. Akiuona mkono wake mwenyewe umesimama juu, maelezo yako yanapungua nusu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la kurusha akitembea. Binti anaanza hatua chache nyuma ya kibao, anatembea kumwelekea mdakaji (anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji) kwa mwendo wake wa kawaida, na anarusha bila kusimama. Kutembea tayari anakujua. Mikono na miguu yake imezoea kupokezana, kwa hiyo mpangilio unakuja bila hotuba. Mwambie tu wazi kwamba hilo ni la mazoezi. Kwenye mchezo lazima aanzie kwenye kibao, na hairuhusiwi kuruka kisha kukanyaga upya na kusukuma mara ya pili.

Baadaye aseme kwa sauti, mwili ukifuata: "Sukuma, kanyaga, achia." Atamke mwenyewe, usimtamkie wewe. Nawe geuka, mpe mgongo, usikilize. Wayo ukilala utausikia, na kitambo kidogo mno baadaye utasikia mkono ukipangusa nguo kwenye nyonga. Sauti hizo zikija pamoja, mguu umechelewa. Nafasi kati yake ikiwa ndefu, mguu umewahi. Wadakaji wazuri hulijua hili bila kufundishwa, kwa hiyo muulize wako anasikia nini.

Umbali kati ya kibao na kituo anaposimama mpigaji nao una neno. Kwa kanuni za Marekani, wa miaka 10 kushuka chini hurushia futi 35, karibu mita 10.7; wa hadi miaka 12, futi 40; wakubwa, futi 43, mita 13.1 hivi. Anayejifunza mpangilio asogee karibu zaidi ya hapo, hata nusu. Akiona lengo liko mbali, atalazimisha kwa bega.

Na msiamini ile kauli kwamba kurusha kwa chini hakuumizi. Bega linavutwa kwa nguvu kubwa, na miguu ikichoka linavutwa zaidi. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 kwa siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na timu yake ikatwaa dhahabu. Alikuwa mtu mzima mwenye miguu iliyojengwa kwa miaka mingi. Kwa mtoto, hatua inapoanza kufupika na mguu wa nyuma kuachwa ukiburuzika, funga mazoezi siku hiyo, hata kama anasema bado anaweza.

Utafika pia wakati ambapo binti aliyekuwa sawasawa anavurugika bila sababu unayoiona. Mpime urefu. Miguu ikirefuka, hatua inachukua muda mwingine, na mkono bado unafuata ule wa zamani. Mrudishe kwenye kurusha akitembea kwa majuma machache, mkae karibu, na usihesabu mipira mizuri kwa kipindi hicho.